Themosi Nyekundu ya Bi Tumu

Likoni asubuhi kila mtu ana mzigo wake. Kuna wabeba maandazi, kuna wabeba samaki, kuna wale wa mikoba ya ofisini wanaoikimbilia feri utadhani imewaposa. Wardah alibeba minyoo. Minyoo hai, ndani ya themosi mbili, moja ya buluu na moja nyekundu yenye mawaridi. Ukimwona amepita na buibui lake limepigwa pasi, kapu mkononi, ungesema huyo anampelekea mzazi uji.

Usicheke. Kazi ni kazi, hata ikiwa na mkia.

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla jua halijapanda, alikuwa keshafika kichinjioni, amesimama pembeni na viatu vyake vya mpira. Ngala, mchunaji, akishapasua tumbo la ng'ombe, kabla hajagusa matumbo, alimwita kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Wardah wee! Wageni wako wamefika! Leo wako saba, na mmoja ana kitambi!"

"Ngala, teremsha sauti, utawatia presha."

"Mie nimeuliza watu, hakuna. Mombasa nzima hakuna mwanamke mwengine aitwaye na mwanamume alfajiri aje aone minyoo, na akaja na wanja machoni."

"Wanja wangu, minyoo yako. Nipe koleo."

Minyoo wenyewe walikuwa weupe, wembamba kama tambi, urefu wa kidole cha kati. Hawakai ndani ya utumbo. Wanaelea tu tumboni mwa ng'ombe, wamejipumzisha, hawalipi kodi. Wardah aliwaokota mmoja mmoja kwa koleo dogo na kuwatia kwenye maji ya chumvi aliyopewa na maabara. Maji hayo lazima yawe na joto la mwili, basi alidondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono, vile mama anavyopima maziwa ya mtoto. Mnyoo akipata baridi amekwisha. Akipata moto amekwisha. Mnyoo ana madeko kuliko bi harusi.

Na kwa nini mtu mzima ahangaike hivyo? Kwa sababu minyoo hao ni binamu za minyoo wa matende. Yule wa binadamu anajificha ndani kabisa, kwenye mishipa ya mguu, huwezi kumtoa ukamjaribie dawa. Basi wataalamu wanaanza na binamu yake wa ng'ombe. Dawa ikishindwa na binamu, hakuna haja ya kumsumbua mwenyewe. Dawa ikimwua, hapo watu wanakaa vizuri vitini.

Wardah hakuhitaji kuelezwa matende ni nini. Alikuwa nayo nyumbani.

Mguu wa kushoto wa mamake, Bi Tumu, ulikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Ndivyo Bi Tumu alivyouhesabu, kama mtoto. "Ulianza mwaka aliozaliwa mdogo wako," alimwambia Wardah, "yeye akakua akaoa akaenda zake, huu umekataa kuondoka." Ulikuwa umevimba toka kidole hadi chini kidogo ya goti, ngozi ngumu, imekunjana. Kandambili ya mguu huo ilikatwa na kuunganishwa kamba na fundi. Harusini Bi Tumu aliacha kwenda zamani. Alisema makelele yanamuumiza kichwa, na watu kwa heshima wakakubali kuwa ni kichwa.

Vidonge vya kila mwaka, vile vinavyogawiwa nyumba kwa nyumba, alimeza. Nesi wa zahanati alimfundisha kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha katikati ya vidole kwa kitambaa, kisha kuuinua juu ya mto. Bi Tumu alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na mguu ukatulia. Haukupungua, ila ulitulia. Na kila Ijumaa, juu ya yote hayo, alichemsha mizizi ya mjafari akauosha nayo, kwa kuwa ndivyo alivyofanya mamake, na mama wa mamake.

Huo mjafari ndio uliomleta Daktari Mueni nyumbani kwao. Daktari alikuwa mwanamke wa Ukambani, Kiswahili chake kimenyooka kama rula, anazunguka mitaani kuuliza watu dawa za miti wanazotumia. Bi Tumu alimweka kitako saa tatu nzima. Daktari akaondoka na mizizi, na Wardah akaondoka na kazi.

Maabara yenyewe ilikuwa nyumba iliyokuwa ikikodishwa watalii, karibu na Shelly Beach. Bwawa la kuogelea limekauka limejaa majani, na jikoni palipokuwa pakikaangwa kamba sasa pamekaa Rashad na visahani vyake. Rashad alikuwa fundi wa maabara, kijana wa ndevu tatu na maneno elfu.

"Da Wardah! Umeniletea kifungua kinywa?"

"Nimekuletea ukoo wako. Fungua."

Mpango ulikuwa rahisi, hata Ngala alishaelezwa akauelewa. Nusu ya visahani vina maji matupu ya chumvi, nusu vina maji hayo hayo na mjafari. Minyoo wanagawiwa huku na huku. Wa maji matupu wakiwa wanacheza na wa mjafari wamenyooka, basi mjafari unafanya kazi. Tena Daktari alisisitiza: minyoo wote wamwagwe kwanza pamoja kwenye beseni moja la maji ya uvuguvugu, wachanganyike, ndipo wagawiwe.

Mwanzo ilikuwepo themosi ya buluu peke yake, mali ya maabara, na ililala maabara. Kisha Daktari akataka minyoo zaidi, themosi moja haikutosha. Wardah aliposimulia nyumbani, Bi Tumu akanyanyuka, akachechemea hadi kabatini, akatoa themosi nyekundu ya mawaridi aliyopewa siku ya harusi yake.

"Chukua. Chai siku hizi nakunywa kikombe kimoja, ya nini kukaa na jitu zima hili? Lakini kwa sharti. Ni chombo changu, kitalala kwangu."

"Mama, kitanuka."

"Kitanuka kwa nani? Mie nimekufa?"

Na kwenye nyumba ya Bi Tumu, chombo hakilali na uvundo. Mtungi wa maji ya kunywa ulifukizwa ubani wa maka tangu enzi za bibi zake: unatia makaa mawili kwenye chetezo, unadondosha ubani, unauinamisha mtungi mdomo chini mpaka ushibe moshi, ndipo unatia maji. Ukinywa, harufu inakupanda puani, mwili unapoa. Basi themosi nayo ikapata heshima hiyo hiyo. Kila jioni Wardah akirudi nayo, aliiosha kwa sabuni, na Bi Tumu aliipokea, akaifukiza, akaifunga kifuniko moshi ukiwa bado ndani. Asubuhi Wardah aliisuuza kwa maji ya moto, lakini ubani mzuri hausuuziki. Ndiyo sifa yake.

Hakumwambia mtu. Si kwa kuficha. Nani anamwambia daktari kuwa ameosha chombo?

Matokeo yalipoanza kuja, jikoni kwa watalii palikuwa sherehe. Visahani vya mjafari, minyoo wamelala chali ifikapo adhuhuri. Visahani vya maji matupu, minyoo wanakata viuno. Alhamisi hivyo. Jumatatu hivyo. Mara sita mfululizo. Daktari Mueni, mwanamke wa kuvaa suruali ya kaki na kutocheka ovyo, alimshika Wardah mikono akazunguka naye mara mbili katikati ya jiko.

"Mama yako," alisema, "mwambie mama yako ana macho."

Kisha akakumbuka udaktari wake, akaongeza kwamba hiki ni kisahani tu, si mtu, kwamba kutoka hapa hadi kwenye kidonge ni miaka kumi, na pengine kisifikiwe kabisa. Wardah alisikia. Lakini huo mwisho nyumbani ulifika umechoka, na ule mwanzo ulifika mbio.

Bi Tumu aliposikia, aliweka mkono juu ya goti la mguu ule. Halafu akachukua simu.

Alikuwa na kikundi chake cha WhatsApp, wanawake ishirini na watatu wa Likoni na vitongoji vyake, wengi wao wenye miguu kama wake, waliojuana kwenye foleni ya zahanati. Kuandika hakupenda. Alikuwa mtu wa kurekodi sauti, na sauti zake hazikupungua dakika nne.

"Assalaam aleikum wanangu na dada zangu. Nawapa habari njema. Ule mjafari wetu, ule tuliochekwa nao, madaktari wameupima na mashine, wameona waua minyoo kama kutia moto. Na aliyeupeleka ni mie, kwa mkono wa mwanangu Wardah."

Simu ililia mpaka Ishaa. Mashallah, maua, mikono ya dua, vile vibandiko vya paka anayelia kwa furaha. Kafedha wa Shika Adabu, mama mmoja mcheshi ambaye mguu wake mgonjwa ulikuwa wa kulia, akarekodi kigelegele kitupu, sekunde kumi na nne. Bi Tumu alikisikiliza mara nane.

Wardah alimwona mamake akicheka hivyo, akaona meno ya nyuma ambayo hakuwa ameyaona miaka. Angemkata vipi? Alijiambia atamweleza kesho ile habari ya miaka kumi. Na kesho ya Wardah, Mungu amsamehe, ilikuwa ndefu.

Maana Bi Tumu hakuwa mtu wa nusu nusu. Alianza kutia mguu kwenye beseni la mjafari si Ijumaa tu, bali kila siku, asubuhi saa mbili nzima na jioni saa mbili nzima. Sabuni akaiweka kando, eti itaosha nguvu ya dawa. Kukausha vidole akaacha, dawa iingie. Vidonge vilipokuja nyumba kwa nyumba, alivipokea kwa adabu, akawashukuru vijana, akavitia chini ya kitambaa cha meza, na kikundini akawasimulia wenzake.

"Mama, nesi alisema..."

"Nesi amepima nini yeye? Wewe ndiye umeniletea habari, leo wanigeuka?"

Katikati ya vidole ngozi ikalainika, ikapasuka. Wiki ya tatu homa ikamshika, ile homa ya matende ya kutetemesha meno, mguu ukawa mwekundu na moto hadi juu ya goti. Akalala siku tisa. Wardah alimkanda, akamlisha uji, na kazini akaenda huku moyo uko nyumbani. Themosi nyekundu jioni aliiosha haraka kwa sabuni, akaiacha wazi dirishani. Hapakuwa na wa kuifukiza.

Wiki hiyo mjafari haukuua mnyoo hata mmoja.

"Hawa wamekula nini leo?" Rashad alikuna ndevu zake tatu. Visahani vya dawa vilikuwa vinacheza kama ngoma ya mtaani. "Itakuwa mizizi mibovu. Nitachukua fungu jengine."

Alhamisi, fungu jengine. Ngoma ile ile. Jumatatu, ngoma. Kisha Bi Tumu akapata nafuu, akajikokota hadi jikoni, kitu cha kwanza akaitazama themosi yake dirishani, akaguna. "Yaani mie nikilala siku mbili nyumba yageuka kichinjio." Akawasha makaa. Alhamisi iliyofuata, minyoo wa mjafari walikuwa wamelala chali kabla Rashad hajamaliza chai.

"Si nilikwambia? Mizizi mibovu ilikuwa!"

Wardah alikuwa akitazama vifuniko. Kwa mara ya kwanza aliona alichokuwa akikiona miezi yote hiyo: Rashad alikuwa amefungua themosi nyekundu, akamwaga minyoo wake moja kwa moja kwenye visahani alivyovichora alama nyekundu. Dawa. Wa buluu kwenye visahani vya alama ya buluu. Maji matupu. Hakuna beseni.

"Rashad, beseni la kuchanganyia liko wapi?"

"Beseni gani? Aah, lile. Da Wardah, beseni lataka kupashwa moto, lataka kupimwa, lataka kuoshwa. Mie nimetumia akili: rangi kwa rangi, hakuna kuchanganyikiwa. Halafu hawa wako wa nyekundu ni wavivu tangu wafike, utadhani wamekunywa chai iliyobaki."

Alicheka. Wardah naye akacheka, ile ya mdomo tu.

Jumatano jioni alirudi nyumbani na themosi zote mbili.

"Mama, leo fukiza hii ya buluu."

"Na yangu?"

"Yako iache."

"Ilale na uvundo?"

"Siku moja tu, mama. Nakuomba."

Bi Tumu akainua mabega, akaifukiza ya buluu. Asubuhi Wardah akaenda kichinjioni, akajaza zote mbili kwa ng'ombe mmoja yule yule, akampa Rashad bila neno. Saa sita mchana visahani vya maji matupu vilikuwa makaburi. Na minyoo wa mjafari, waliotoka kwenye themosi nyekundu isiyo na moshi, wanakata viuno.

Rashad alivitazama kimoja kimoja. Wardah akamweleza ubani, akamweleza mamake, akamweleza siku tisa za homa. Kijana akavuta kiti, akakaa, akasimama, akafunga mlango wa jiko.

"Nani mwengine ajua?"

"Mie na wewe."

"Basi, Da Wardah, hii ni siri yetu wawili na minyoo. Na minyoo wamekufa."

"Rashad."

"Nisikize. Daktari keshatuma matokeo. Mwezi ujao asafiri akasimame mbele za watu aseme mjafari. Ukisema leo, mie kesho sina kazi. Beseni, Da Wardah! Nitafukuzwa kwa beseni! Wanangu niwaambie nini?" Mzaha ulikuwa umekwisha, na bila mzaha Rashad alionekana mdogo sana. "Nitaanza kuchanganya kuanzia leo. Mjafari utaanguka wenyewe polepole, watasema ni msimu. Hakuna atakayeumia."

Wardah alirudi nyumbani hajasema. Na tusimsingizie Rashad. Hakunyamaza kwa ajili yake. Alinyamaza kwa kuwa kumwambia Daktari ni kumwambia mamake, na mamake jioni ile alikuwa ameuweka mguu wake kwenye beseni, anamsikilizisha jirani kile kigelegele cha Kafedha.

Siku kumi na moja alinyamaza. Alijaribu kwa njia za pembeni. Alificha mizizi, Bi Tumu akaagiza mingine. Aliweka sabuni karibu na beseni, ikakauka hapo hapo na karatasi yake.

Siku ya kumi na mbili, Kafedha alirekodi ujumbe kutoka wodini. Sauti ilikuwa nyembamba, nyuma yake vyuma vya vitanda vinagongana.

"Bi Tumu, niombee. Mguu umefunguka kidonda, wanasema sumu imeingia kwenye damu. Vidonge vyao sikumeza, kama tulivyoambizana. Lakini mjafari siachi, bi. Nimemwambia mwanangu aniletee kwenye chupa, manesi wasijue."

Wardah aliisikia akiwa anakaanga vitumbua. Akazima jiko. Akavaa buibui juu ya nguo za jikoni, na unga mikononi, akapanda bodaboda hadi maabara.

Daktari Mueni alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Rashad alisimama mlangoni, macho chini. Alipomaliza, Daktari alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Tangu lini ile nyekundu?"

"Tangu mwanzo wa visahani vingi, Daktari. Tangu matokeo mazuri."

"Yaani yote."

"Yote."

Daktari alikuwa na tiketi ya safari mezani, akaigeuza kifudifudi.

"Kuosha chombo si kosa lako," alisema hatimaye. "Kuchanganya ni kazi ya hapa." Hakumtazama Rashad, na hilo lilimwumiza Rashad kuliko tusi. "Lakini siku kumi na moja, Wardah. Ungekuja siku ya kwanza."

"Najua."

Walirudia kila kitu, wiki mbili, themosi mpya, beseni limepashwa moto mbele ya macho ya Daktari. Mjafari haukuua kitu. Minyoo walicheza ndani yake kama wamelipiwa hoteli. Wardah akashika tumaini la mwisho, kama ungelishika wewe: basi kama si mjafari, si ni ubani? Daktari, kwa kumridhisha, akaujaribu. Ukaua minyoo. Kisha akaujaribu kwenye chembe hai za mwili wa ng'ombe, zile anazozilea kwenye chupa. Zikafa pia, zote, upesi zaidi.

"Moshi hauchagui," alisema. "Hata jiki ya kung'arishia nguo inaua minyoo, Wardah. Huwezi kummiminia mtu jiki mishipani."

Safari ikafutwa. Rashad akaondoka Ijumaa na mkoba wake, akamwambia Wardah "haya dada" bila kumtania. Kazi ya minyoo ikasimama. Ngala alimpigia simu mara mbili kumwambia wageni wake wanauliza habari zake. Mara ya tatu hakupiga.

Kulibaki kumwambia Bi Tumu, jambo ambalo Wardah alikuwa ameliahirisha mpaka pawe na hakika. Wardah alimkuta baada ya Alasiri, mguu ndani ya beseni, maji ya mjafari yamegeuka rangi ya chai. Aliketi sakafuni karibu na beseni, akasema yote, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Themosi. Kifuniko. Moshi. Zile siku tisa.

Bi Tumu alisikiliza. Chetezo kilikuwa pembeni yake, majivu ya jana ndani yake.

"Kwa hivyo ni mkono wangu," alisema.

"Ni ubani, mama."

"Ubani haujitii wenyewe." Akakisogeza chetezo kando. "Na Kafedha?"

"Wamemkata vidole viwili. Bado yuko wodini."

Bi Tumu alitazama mguu wake. Uvimbe sasa ulikuwa umepita goti. Nesi alishasema uliopanda huenda usishuke tena. Alitoa mguu majini, akaushika kwa mikono miwili kama unavyomtoa mtoto kwenye karai, akauweka kwenye kanga.

"Nipe sabuni," alisema. Na Wardah alipomletea: "Na hiyo simu."

Alibonyeza kurekodi, akafuta. Akabonyeza tena, akapumua tu, akafuta. Mara ya tatu alizungumza, na mwanamke huyu wa dakika nne alitumia sekunde kumi na tisa.

"Dada zangu, ni mie Tumu. Mjafari uacheni. Hauui. Waliona minyoo wamekufa kwa ubani wangu niliofukiza chombo, si kwa mjafari. Nimewapoteza. Mnisamehe. Mezeni vidonge."

Akampa Wardah simu, akaanza kujipaka sabuni, kidole kwa kidole.

Simu haikuchelewa kulia. Wa kwanza kujibu alikuwa Kafedha, kutoka wodini, ameandika safari hii. Wakafuata wengine, mmoja juu ya mwengine.

"Wasemaje?" Bi Tumu aliuliza bila kuinua kichwa.

Wardah alikuwa amemaliza siku za kunyamaza. Akamsomea kama zilivyo.

"Kafedha auliza, ubani gani, bi, wa maka au ule wa mawe? Mwengine asema, wachemshwa wanywewa, au wafukiza mguu? Mwengine asema kwao uko, auza."

Mkono wa Bi Tumu ulisimama na povu lake. Kisha akasema, taratibu sana:

"Waandikie. Sabuni. Maji ya bomba. Kitambaa kikavu. Basi."

Wardah akaandika hivyo hivyo, akatuma. Alama za buluu zikatokea, moja moja, mpaka wote wakawa wameusoma.

Hakuna aliyejibu.